Robo Tangi ya Deni

Mshauri mpendwa,

Kabla hujafika mstari wa pili nakuomba ufunge mlango, na kama kuna msaidizi anayekusomea barua basi atoke kwanza, kwa sababu haya ninayokuandikia hakuna anayeyajua, si mama yangu, si mchumba wangu, wala wenzangu wa kazini, na hao wa kazini ndio ninaowaogopa kuliko wote. Ukiona lazima uichapishe barua hii gazetini, naomba usitaje mtaa, usitaje jina la shule yetu, na magari yetu uyabadilishe rangi, maana mjini hapa watu wanatutambua kwa rangi ya magari kuliko kwa bango lililo mlangoni.

Mimi ni karani wa shule ya udereva. Naandikisha wanafunzi, napanga nani atatoka na mwalimu gani, napokea ada, na nawatuliza waliofeli mtihani wa barabarani, ambao huja moja kwa moja kwenye meza yangu kana kwamba ni mimi niliyewafelisha. Nimesoma, nina stashahada yangu, sijawahi kuchelewa kazini wala kupoteza risiti. Lakini, mshauri, mimi mwenyewe sijui kuendesha gari.

Utaniuliza kwa nini nisijifunze hapo hapo, na kweli wafanyakazi hufundishwa bure, ila tuna mwalimu mmoja mkubwa tunayemwita Klachi, kwa sababu neno hilo hulitamka mara nyingi kuliko jina la mkewe, mtu mwema, mkarimu, lakini kila wakati wa chai huigiza makosa ya wanafunzi wa asubuhi kwa mikono, kwa miguu na kwa mlio wa injini, mpaka watu wanamwaga chai. Siku moja aliigiza mama mmoja aliyewasha waipa kwenye jua kali, akashindwa kuzizima, akaendesha hivyo hivyo mji mzima huku akiwapungia watu mkono ili waone ni jambo la kawaida. Nilicheka mpaka machozi, na katikati ya machozi hayo nikajua kwamba mimi kwenye kiti kile, kando ya mtu huyu, sitakaa.

Basi nikaenda kujiandikisha kwenye shule nyingine upande wa pili wa mji, wapinzani wetu wakubwa, nikalipia kwa kadi ya mkopo niliyokuwa nayo tangu nianze kazi na ambayo nilikuwa naitumia kununulia sabuni tu. Nikafeli. Nikalipia tena, nikafeli tena, kila mara kwenye kuingia kinyumenyume kati ya nguzo, na kila kurudia kuna ada yake, na mwalimu wa kule aliniambia, "Dada, kwa maneno wewe unajua kuliko mimi. Tatizo liko miguuni." Kwa hiyo nikanunua viatu vya soli nyembamba ili niisikie klachi vizuri, na koti la kuvaa siku ya mtihani ili linipe ujasiri, vyote kwa kadi nyingine ndogo ya duka la nguo, na hiyo ndogo, ambayo kila mwezi nailipia kile kiwango cha chini tu, sikuihesabu kabisa kama deni, kwa jinsi ilivyo ndogo.

Ile kadi kubwa ilipoanza kunitisha nikaona niulize watu wenye busara, lakini kwa kujificha. Wakati wa chai nikasema kwamba nina binamu yangu mwenye kadi ya mkopo, naye hajui kama kila mwezi ni bora alipe yote au abakize kidogo, kwa ajili ya zile alama ambazo wakopeshaji hutazama kabla ya kumwamini mtu.

Klachi akaweka kikombe chini. "Mwambie binamu yako asithubutu kulipa yote. Hapa kwetu magari yanarudi jioni yakiwa na nini?"

"Robo tangi," walimu wote wakaitikia.

"Kwa nini?"

"Pampu isinyonye uchafu."

"Basi, jibu lake ndilo hilo. Ukiikausha kadi, benki inaona injini imezima, na alama zinazima nayo. Abakize robo."

Mshauri, wewe hukuwepo, lakini jambo lile lilisemwa kwa namna ambayo usingeweza kulipinga. Sheria ya robo tangi kwetu haina mchezo, dereva akirudisha gari mshale uko chini hasaini kutoka. Nami kwa kuwa ni mtu wa kufuata utaratibu, tangu siku ile kila mwezi nilichukua deni, nikaligawa, nikalipa robo tatu kabla ya tarehe, sijachelewa hata mara moja, na robo nikaiacha kwa makusudi, hata miezi ambayo nilikuwa na uwezo wa kuimaliza. Riba ikiingia juu yake nilikuwa naiona kama hela ya mafuta. Nilijisikia mwerevu kabisa.

Sasa nifike kwenye lile linaloninyima usingizi. Mchumba wangu ni fundi wa lifti, mtu mtulivu, asiyeahidi asichoweza, na tumepata nyumba. Ni vyumba viwili na jiko, ghorofa ya tatu, juu ya duka la viatu, dirisha la jiko linatazama kwenye ua wenye kamba za nguo. Yeye alianza kukagua lifti kabla ya vyumba, akatoka humo anatabasamu kuliko dalali. Sebuleni akavuta futi yake ya kazini, akapima ukuta, akasema, "Kabati linaingia, na paka atapita." Nikamwambia hatuna paka. Akasema, "Ukuta ukituruhusu tutafute." Tumeomba mkopo wa nyumba kwa pamoja, na afisa wa mikopo ametuambia kwamba siku ya miadi atazifungua taarifa zetu zote mbili mezani, sote tukiwapo, na tarehe yenyewe ni mwishoni mwa mwezi ujao.

Tulipotoka pale mchumba wangu alinishika bega akasema, "Mimi na deni hatujuani, hata tukikutana njiani hatusalimiani. Na wewe ndiyo kabisa, mtu anayetunza hata risiti ya pipi atadaiwa na nani?" Nikacheka, nikaufunga vizuri mkoba uliokuwa na kadi zote mbili.

Ndipo nikafanya nililolifanya. Bonasi ilipoingia nililipa ile kadi kubwa yote, nikapiga simu benki nikaifunga kabisa, kisha nikaikata kwa mkasi vipande vipande, na vipande nikavigawa kwenye mapipa tofauti, vingine ofisini, vingine nyumbani, kimoja nikakipeleka hadi pipa la benki nyingine, ili asitokee mtu wa kuviunganisha. Fedha kidogo ikabaki, nikaiweka. Nililala usingizi mzuri karibu mwezi mzima. Halafu nikaangalia alama zangu kwenye simu, mshauri, na zilikuwa zimeshuka, tena si kushuka kwa kuyumba, ni kushuka kwa kuteremka ngazi.

Nilijua papo hapo. Klachi alisema kweli, nimekausha tangi.

Mchana ule ule nikaingia duka la vifaa vya umeme, nikachagua friza kubwa kuliko zote, nikamwambia muuzaji naitaka kwa malipo ya kidogo kidogo. Akatoa fomu, akaanza kuuliza kwa upole, "Una familia kubwa, dada?" Nikasema naishi peke yangu. "Basi unauza barafu." Nikasema hapana. "Sasa hii itakaa nini ndani?" Na kwa sababu mimi sijui kudanganya nikiulizwa ghafla, nikamwambia, "Sijali itakaa nini. Nataka tu kudaiwa." Akaweka kalamu mezani. Akasema, "Dada, nimeuza humu miaka mingi, watu wananikimbia. Wewe ndiye wa kwanza kunifuata." Nikamwambia nitarudi kesho, na kesho hiyo bado sijaifikia.

Naomba uniambie, nirudi nikachukue friza? Nimwombe mchumba wangu tuahirishe, bila kumwambia sababu? Nimefikiria hata kumwambia kwamba nyumba ile siipendi, na naipenda, jana nilipita chini yake bila shughuli yoyote nikasimama kutazama viatu ambavyo sivitaki. Naogopa atajua kwamba nilikuwa na kadi, na akiuliza ya nini, atajua kwamba karani wa shule ya udereva amefeli udereva kwa wapinzani, na mchumba wangu hunywa chai na Klachi kila anapokuja kunichukua.

Ukitaka kunijibu moja kwa moja, usipige simu ya ofisi, kwa kuwa Klachi huipokea akiwa karibu nayo na huuliza watu shida zao. Tuma ujumbe kwenye namba iliyo nyuma ya bahasha, useme tu, "Kitambaa chako kimefika." Nikijibu "Nitakifuata", uko huru kuendelea. Nikijibu "Sikuagiza kitambaa", ujue kuna mtu nyuma ya bega langu, nawe unyamaze.

Wako mwenye hofu,
Karani


Mwanangu karani,

Mlango nimeufunga, msaidizi nimemtuma posta, na magari yenu nimeyapaka rangi kwa mikono yangu mwenyewe. Sasa vuta pumzi, kwa maana nitakupa pole mara moja tu, halafu nitakugombeza.

Pole. Kila wiki watu hunijia na barua za kukopa wakashindwa kulipa. Wewe umelipa, kwa wakati, kila mwezi, ukamaliza, halafu umeniandikia ukitetemeka kama mtu aliyevunja dirisha la jirani. Kabla ya kukaa kwenye safu hii nilifanya kazi dirisha la mikopo, na nakuhakikishia kwamba mteja kama wewe akiingia tulikuwa tunamvutia kiti.

Nianze na tangi, kwa sababu ndilo lililokuharibia hesabu. Huyo Klachi wenu kwenye magari simgusi, ila kwenye kadi ameusoma mshale juu chini. Mafuta ya kadi ni ile nafasi ambayo benki imekuruhusu ukope nawe hujaigusa. Deni ndiyo ile sehemu uliyokwisha kuiunguza. Kwa hiyo ukilipa yote hujakausha tangi, umelijaza. Na ile robo uliyokuwa unaiacha kila mwezi kwa nidhamu ya askari haikukuongezea alama hata moja. Ilikuwa inawapa benki riba tu, na kwa riba hiyo ungeweza kulipia huo mtihani mara nyingine tena, ukafeli kwa raha zako bila kudaiwa na mtu.

Wanaotoa alama hutazama mambo kadhaa, lakini mawili yana uzito kuliko mengine. La kwanza, unalipa kwa tarehe au huchelewa? Hapo wewe huna doa. La pili, katika kile ulichoruhusiwa kukopa, umekula kiasi gani? Anayetumia kidogo anaonekana mtu anayejimudu, anayejaza hadi juu anaonekana mtu anayehema. Ndiyo maana kulipa deni la kadi kwa kawaida hupandisha alama, au huziacha pale pale.

"Sasa mbona zangu zimeteremka ngazi?" Nakusikia. Ni mkasi, mwanangu. Kulipa hakukukosea kitu, kufunga ndiko kulikokuponza. Ile kadi kubwa ilikuwa na nafasi kubwa. Ulipoifunga, nafasi yote ikaondoka nayo, ukabaki na nini? Na ile kadi ya duka la nguo ambayo "hukuihesabu". Wenzako wanaihesabu. Ni ndogo, na kwa viatu na koti la ujasiri bila shaka imejaa hadi shingoni. Zamani deni lile lilikuwa kama mtu mmoja aliyesimama kwenye ukumbi, hakuna aliyemwona. Sasa ni mtu yule yule umemfungia kabatini, na anajaa. Deni halikuongezeka, chumba ndicho kilichopungua. Ongeza na hili, kwamba kadi uliyokaa nayo tangu uanze kazi ilikuwa na umri, na umri nao ni heshima kwenye taarifa hizo. Mahali pengine umri huo huendelea kuhesabiwa kwa muda hata baada ya kufunga, mahali pengine hupungua mapema.

Basi sikia la kufanya. Ile fedha uliyoibakiza, usiilaze. Kesho asubuhi ipigie simu duka la nguo, uwaulize siku gani ya mwezi wanafunga hesabu na kupeleka taarifa zao, kisha ilipe ile kadi ndogo yote kabla ya siku hiyo. Nimesema yote. Nikisikia habari ya robo nitakuja mwenyewe hapo ofisini, nipokelewe na Klachi. Taarifa hazifiki siku hiyo hiyo, huchukua mwezi au zaidi kidogo, kwa hiyo usiamke kila asubuhi kuichungulia simu kama mtu anayetazama kama mbegu zimeota. Na hiyo kadi ndogo usiikate. Weka mkasi mbali.

Kisha piga simu benki, uulize kwa adabu kama kadi iliyofungwa juzi inaweza kufunguliwa. Benki nyingine hukubali muda ukiwa haujapita, nyingine hukataa. Wakikataa shukuru, kata simu, na usiombe kadi mpya popote mpaka jambo la nyumba liishe. Omba pia nakala ya taarifa zako, uhakikishe ile kadi imeandikwa kwamba imelipwa yote na imefungwa na wewe mwenyewe. Makosa ya kuandika hutokea, na ni bora uyaone wewe kabla ya afisa.

Friza hapana. Ukienda kuomba mkopo, mkopeshaji hufungua jalada lako, na kufungua kwenyewe huacha alama ya kidole, ambayo wakopeshaji wengine wataiona. Kidole kimoja hakikuui, lakini utakuwa umekiacha wiki chache kabla ya miadi yenu, pamoja na deni jipya, kwa ajili ya sanduku la baridi lisilo na kitu ndani. Yule muuzaji aliyeweka kalamu chini amekutendea wema, ukipita msalimie, ila usiingie.

Baadaye, mkishahamia, tumia kadi kwa vitu vidogo, ile sabuni yako ya zamani inatosha, na kila taarifa ya mwezi inapokuja lipa yote iliyoandikwa kabla ya tarehe ya mwisho. Gari huliwasha likatembea, halafu unalizima. Huliachi linanguruma uani usiku kucha ili majirani wajue unalo. Na kwa kuwa kila mkopeshaji ana mizani yake, muulize afisa wa nyumba yeye hasa anatazama nini. Kuuliza ni bure, na wewe umeshalipia ya kutosha.

Nimebakiza kukugombeza. Unamwogopa mchumba wako kwa sababu ya deni ambalo, ukishailipa ile kadi ndogo, halipo. Hebu lisome tena neno hilo: halipo. Kitakachomuumiza pale mezani ni kulisikia kutoka kwa mgeni mwenye tai. Mwambie kabla ya siku hiyo, uso kwa uso, kuanzia waipa za yule mama hadi koti. Anayetafuta paka kwa sababu ukuta umeruhusu hatakuacha kwa kufeli rivasi. Na huyo fundi naye mwulize taarifa zake zina nini ndani. Watu wengi hujivunia ukurasa mweupe, na afisa wa mikopo hapendi ukurasa mweupe hata kidogo, hana cha kusoma.

Mwisho, udereva. Una walimu bure, magari bure, na umekwenda kulipia kwa wapinzani ili usichekwe. Nenda kwa Klachi. Atakucheka, ndiyo. Wewe ulimcheka yule mama mpaka machozi, na bila shaka yeye leo anaendesha.

Kitambaa chako kimefika.

Mshauri


Mshauri mpendwa,

Niliposoma jibu lako niliyafuata yote kwa mpangilio, isipokuwa la mchumba, ambalo nililiweka mwisho kwa sababu ndilo zito, kisha nikaona miadi inakaribia nikamfuata kazini kwake. Alikuwa kwenye jengo moja la ofisi, nusu ya mwili iko ndani ya shimo la lifti, na nikaona ni bora hivyo, nikaongea na miguu yake. Nilimwambia yote, kadi, robo, mkasi, friza. Nikasikia spana ikiwekwa chini. Halafu sauti ikatoka chini, "Hilo pipa la benki nyingine, ulitembea mpaka kule kwa miguu?"

Nikasema ndiyo.

"Na kipande kimoja."

Nikasema ndiyo.

Akatoka shimoni ana grisi hadi sikioni, anacheka kimya kimya, mabega tu ndiyo yanatikisika, akasema angetaka kuniona nikisimama na kile kipande mbele ya lile pipa. Kisha akawa mtu mzima kidogo, akasema kilichomkera si kadi, ni mimi kubeba jambo miezi yote ile peke yangu wakati yeye kazi yake ni kunyanyua vitu. Nililia kidogo, si vibaya.

Kadi ndogo nililipa yote kabla ya siku yao ya kufunga hesabu. Benki walikataa kuifungua ile kubwa, nikashukuru nikakata simu. Alama zilipopokea taarifa mpya zilipanda ngazi zile zile zilizoteremka, na mbili tatu juu yake.

Siku ya miadi afisa wa mikopo alifungua taarifa zangu kwanza, akapitisha kidole, akasema, "Hujachelewa hata mwezi mmoja. Safi sana." Akafungua za mchumba wangu. Akatazama mbele, akatazama nyuma ya karatasi, akamwuliza jina lake mara ya pili. Mchumba wangu akasema kwa fahari, "Mimi na deni hatujuani." Afisa akamwambia, "Nimeona, bwana. Na sisi pia hatukujui." Hakuwa na alama kabisa, si nzuri si mbaya, hayupo. Akatueleza kwamba kama angekuja peke yake angemrudisha akaanze na kitu kidogo, lakini kwa kuwa ameongozana na mtu mwenye rekodi, pamoja na mshahara wake wa kudumu, ombi letu linasimama. Mshauri, mchumba wangu alinigeukia pale pale mbele ya afisa, akaniamkia kama mtoto anavyomwamkia mkubwa wake. Barua ya kukubaliwa imefika. Kabati limeingia. Paka bado tunatafuta.

Nilimpelekea Klachi habari ya tangi lililosomwa juu chini. Alifikiri sana, akakubali kwamba inaleta maana. Nikamwuliza yeye kwenye kadi yake alikuwa anabakiza kiasi gani. Akasema, "Mimi? Kadi nitaitoa wapi?" Halafu akauliza kama binamu yangu hajambo, nikamwambia binamu amekaa mbele yake na hajui kurudi kinyumenyume. Akachukua funguo ukutani. Ndani ya gari, mshauri, ni mtu mwingine kabisa, haongei, anatazama mbele na mikono ameiweka magotini, na ukikosea anasema tu, "Tena." Wakati wa chai aliniigiza, nguzo nilizoangusha alizifanya kwa vijiko. Kila mtu alimwaga chai, nami nikamwaga yangu.

Kwa hiyo ukinihitaji, usitume habari za kitambaa. Piga simu ya ofisi wakati wowote. Akipokea Klachi mwambie unamtaka karani wa robo tangi, ataniita kwa sauti ambayo mtaa mzima utaisikia, na atakuuliza shida yako, mjibu tu, hana neno. Ukija mwenyewe na ukakuta meza yangu haina mtu, pita mlango wa nyuma uende uani. Utaona gari, la rangi yoyote uliyolipaka, linaingia taratibu kati ya nguzo kwa kurudi nyuma. Subiri lisimame, ndipo ugonge kioo.